Vumbi la Amboseli Ndani ya Diski

Ukitoka Kitengela kwa barabara ya Namanga, ukapita Isinya na Kajiado mjini, ukafika Namanga na kukata kushoto, utaingia Amboseli. Hapo ziwa lilikauka zamani likaacha sakafu ya udongo mwepesi wenye magadi, na upepo ukivuma mchana vumbi husimama wima kama nguzo. Ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro imenyanyuka mita 5,895. Mandhari hayo ndiyo waliyoyafuata watengenezaji wa filamu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyotoka mwaka 2003 chini ya mwongozaji Jan de Bont, Angelina Jolie akiwa mhusika mkuu.

Filamu hiyo ilizaliwa na mchezo wa video. Kampuni ya Core Design ya mji wa Derby, Uingereza, ilimbuni Lara Croft katika mchezo uliotoka mwaka 1996, na filamu ya kwanza ikafuata mwaka 2001. Ya pili ilipigwa Hong Kong, Santorini, milima ya Wales iliyoigizwa kuwa Uchina, na kwa sehemu kubwa ndani ya studio za Uingereza. Kenya ilipewa siku mbili tu, Amboseli na Hell's Gate. Katika siku hizo ulipatikana uwanda ambao Lara anaushukia kwa parachuti na kutua ndani ya gari linalokwenda.

Marekani iliiona filamu kwenye majumba ya sinema Julai 2003, na Novemba mwaka huohuo DVD yake ikawa madukani. Kwa mtu wa Kitengela hiyo tarehe ya pili ndiyo iliyokuwa na maana. Sinema za maana zilikuwa Nairobi, safari ya matatu na nauli juu, lakini diski iliweza kufika hadi sebuleni. Kwa hiyo swali la kisayansi linalotuhusu ni hili: uwanda mzima wa Amboseli, na vumbi lake, uliingiaje kwenye kisahani cha sentimita 12, na ni kiasi gani chake kilichoingia kweli?

Shika DVD halisi ya kiwandani uigeuze kwenye mwanga. Ni fedha tupu, au fedha yenye udhahabu kidogo ikiwa ina tabaka mbili. Unene wake ni milimita 1.2, yaani vipande viwili vya plastiki ya polikaboneti, kila kimoja milimita 0.6, vilivyogandishwa pamoja. Ndani yake kuna mstari mmoja unaozunguka kuanzia karibu na tundu la katikati hadi ukingoni. Mizunguko yake imeachana kwa maikromita 0.74, na mstari huo ukinyooshwa unazidi kilomita 11. Juu yake kumepigwa chapa vishimo ambavyo kilicho kifupi kabisa hakifiki nusu ya maikromita. Leza nyekundu ya deki, yenye mawimbi ya nanomita 650, hupita ikiakisiwa na ngozi nyembamba ya alumini. Inapokutana na ukingo wa kishimo mwanga unaorudi hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo deki inayoyasoma kuwa sifuri na moja.

Tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, mbili hubeba 8.5. Ni nyingi kwa kisahani, lakini ni kidogo mno kwa filamu. Picha ya DVD katika mfumo wa PAL tuliotumia Kenya ina nukta 720 kwa 576, na picha 25 hupita kila sekunde. Filamu hii ya dakika 117 ingehifadhiwa bila kubanwa, hata kwa ukubwa huo wa runinga ya zamani, ingedai zaidi ya gigabaiti 100. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kilichoonwa na kamera haimo kabisa kwenye diski.

Kazi ya kuamua kipi kibaki hufanywa na utaratibu wa kubana uitwao MPEG-2, na mimi nauhesabu miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa karne iliyopita. Kwanza picha hukatwa katika viraba vya nukta 8 kwa 8. Kila kiraba huelezwa kwa mawimbi, na mawimbi madogo ambayo jicho haliyajali sana hutupwa. Pili, kompyuta hulinganisha picha na jirani yake. Ng'ombe akipita mbele ya kamera, hakuna haja ya kumchora upya mara 25 kwa sekunde. Inatosha kuandika kwamba kiraba hiki cha ubavu wake kimesogea nukta tatu kulia. Mbingu tupu ya Amboseli haigharimu karibu chochote, kwa sababu picha hii na ile inayofuata ni ileile.

Vumbi halikubali mpango huo. Chembe zake hazisogei pamoja upande mmoja. Zinajizungusha, zinatawanyika, zinajitokeza na kupotea. Kiraba cha picha hii hakina ndugu katika picha inayofuata. Majani makavu yanayotikiswa na upepo yana tabia hiyohiyo, na moshi na maji ya maporomoko pia. Hapo kompyuta huishiwa na nafasi, kwa kuwa DVD hairuhusu picha kutumia zaidi ya megabiti 9.8 kwa sekunde. Mtaalamu anayeandaa diski nzuri huchukua nafasi kwenye mbingu na kuipeleka kwenye vumbi. Asipofanya hivyo, vumbi hugeuka vigae, miraba inayorukaruka tunayoijua sote tuliokulia mbele ya runinga ya kioo kinene.

Na tuliijua sana, kwa sababu wengi hatukuiona diski ya kiwandani. Vibandani muvi ziliuzwa shilingi 50, mara nyingi zikiwa nakala, filamu kadhaa zikishindiliwa kwenye diski moja. Ukigawa gigabaiti 4.7 kwa filamu 8, kila moja inapata chini ya 0.6. Kabla ya hapo kulikuwa na VCD, yenye nukta 352 kwa 288, ambapo filamu ndefu kama hii ilihitaji diski mbili na mtu wa kuinuka kubadilisha katikati ya vita. VCD haikuwa na kufuli. DVD ilikuwa nayo: dunia iligawanywa kwa kanda, Kenya ikawekwa kanda ya 5, hivyo diski ya Marekani, iliyo kanda ya 1, ilikataliwa na deki iliyofuata sheria. Kufuli hilo lilimwadhibu mnunuzi halali. Mwenye kunakili hakusumbuka nalo.

Kuna jambo jingine ambalo wachache hulitambua. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini PAL hutaka 25. Njia ya kawaida ilikuwa kuikimbiza filamu nzima kwa asilimia 4, kwa hiyo dakika 117 zikawa kama 112 na sauti za wahusika zikapanda kidogo. Kwenye vibanda vya video sauti hizo zilifunikwa kabisa na DJ Afro, anayesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani. Naamini alifanya kazi kubwa ya kuwafikishia watu hadithi, kubwa kuliko heshima aliyopewa.

Katika hadithi ya filamu, chimbuko la uhai liko karibu na Kilimanjaro. Kajiado ina lake la kweli, Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940. Shoka za mawe za hapo zilitengenezwa kati ya takriban miaka milioni 1.2 na 490,000 iliyopita, na baadhi zimeachwa palepale zilipopatikana ili mgeni azione. Jiwe limetunza kumbukumbu ya mikono ile bila umeme wala deki.

Diski haina uimara huo, na zinazokufa kwanza ni zetu wenyewe. Filamu ya Hollywood ina hakimiliki na ghala la studio, haitapotea. Lakini angalia kabatini. Ndani ya bahasha zenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito mna harusi ya dada, mahari ya shangazi, mahafali, mazishi ya babu, harambee ya kanisa. Zigeuze. Nyingi hazina rangi ya fedha, ni za zambarau. Hizo zilichomwa kwenye kompyuta ya mpiga video, na hazina vishimo vya kupigwa chapa. Leza yenye nguvu iliunguza alama kwenye rangi ya kikemikali, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Chumba cha mabati cha Kitengela mwezi wa Februari ni adui yake mkubwa. Rangi ikififia, alama haitofautiani tena na kisicho alama, na deki inabaki ikizungusha diski bila kusoma.

Mikwaruzo haitishi kiasi hicho. DVD huandikwa pamoja na hesabu za ziada zinazoiwezesha deki kujaza herufi zilizopotea, mradi pengo si refu. Ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utafuata mstari wa data na kula vipande vingi mfululizo, zaidi ya hesabu hizo zinavyoweza kuokoa. Rangi iliyokufa, kwa upande wake, haina hesabu ya kuirudisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tafuta kompyuta yenye kisomeo cha DVD wakati bado zinapatikana mtaani. Anza na diski za zambarau. Hamisha faili zote kama zilivyo bila kuzibana tena, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na uandike jina la kila aliyeonekana humo wakati wazee wanaowatambua wangali hai.