Kumeza kwa Mzee Aliyeugua Saratani ya Koo

Weka kidole juu ya koromeo lako, kisha umeze mate. Utaona linapanda na kushuka. Katika kitambo hicho kidogo pumzi imesimama, njia ya hewa imefungwa, na ulimi umesukuma mate nyuma. Kazi hiyo yatumia misuli zaidi ya 20, nasi hatuifikirii hata kidogo.

Mtu akizeeka misuli hiyo hukonda, kama ile ya mikono na miguu. Ulimi hupungua nguvu, koromeo huchelewa kupanda, na koo halihisi upesi kama zamani. Hata hivyo mzee mwenye afya humeza salama, ila polepole, kwani anayo akiba ya nguvu.

Saratani ya kinywa au koo huila akiba hiyo. Daktari akikata sehemu ya ulimi au taya, njia hubadilika umbo. Miali ya kuunguza saratani nayo hukausha mate na kuifanya nyama ya shingo iwe ngumu, na ugumu huo waweza kuzidi miaka mingi baada ya mtu kupona. Basi aliyetibiwa ana miaka 55 aweza kula vizuri, kisha akifika 65 aanze kupaliwa. Watu wa nyumbani husema ni uzee tu. Kumbe ni mambo mawili yamekutana.

Sigmund Freud, daktari mashuhuri wa mambo ya nafsi huko Vienna, alikuwa mvutaji mkubwa wa tumbaku. Alipasuliwa kinywa mara ya kwanza mwaka 1923, ana miaka 66. Alikatwa sehemu ya taya la juu na kaakaa, ikabidi avae kaakaa la bandia. Alipasuliwa zaidi ya mara 30, na kula kukawa taabu mpaka alipofariki London mwaka 1939.

Anayekohoa akipaliwa ana nafuu, maana kikohozi hutoa kilichopotea njia. Wa kuhofiwa ni yule ambaye koo lake limekufa ganzi: maji huingia mapafuni kimya kimya, akapata nimonia. Tena maji humshinda kuliko uji mzito, kwa sababu hukimbia upesi. Na aketi wima, ale kidogo kidogo, wala asisemeshwe tonge likiwa kinywani. Akikonda, au homa ikimrudia rudia, apelekwe hospitali. Huko aweza kumezeshwa dawa nyeupe na kupigwa picha ya eksirei, daktari aone inapita wapi.