Kemisti Ndiyo Zahanati Yetu

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu, viungani mwa Mumias, zahanati ndiyo fimbo ya mbali. Ukichelewa kidogo unakuta foleni imefika nje, na wikendi mlango una kufuli. Lakini sokoni kemisti ziko tatu na hukesha hadi usiku. Kwa hivyo mtu akiugua, daktari wake wa kwanza ni yule aliye nyuma ya kaunta. Je, mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza yule ni nani?

Mimi nauliza kwa sababu yalitupata. Aprili mwaka jana, kitinda mimba wetu wa miaka sita alishikwa na homa Jumamosi jioni. Mama akanituma kemisti. Kijana niliyemkuta hakuuliza umri wala uzito. Alinihesabia vidonge sita vya malaria, akavifunga kwa karatasi: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni." Nilivikimbiza nyumbani nikijiona shujaa. Alhamisi homa ilirudi, mtoto akawa hawezi hata kushika kikombe.

Mama alimbeba hadi kemisti nyingine, ya mama mmoja mwenye miwani. Huyo hakutuuzia chochote! Alimweka mtoto kwenye mizani, kilo 19, akauliza alichomeza. Akasema vidonge sita ni dozi ya mtoto asiyefika kilo 15. Huyu wetu alihitaji 12, viwili viwili kwa siku tatu, tena pamoja na chakula. Kisha akatuandikia barua twende kituo cha afya mbio akapimwe damu. Alilazwa siku mbili, akapona.

Tofauti ya hao wawili ni masomo. Mfamasia husoma chuo kikuu miaka mitano, na mwenye diploma miaka mitatu. Wote husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na cheti sharti kitundikwe mahali pa kuonekana. Wanajua dawa zipi hazichanganywi na mjamzito asimeze nini. Elimu yote hiyo sisi tunaitumia kuhesabu vidonge tu!

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole na dakika 15 au 20 hivi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao hawakusomea famasia, hukitumia vijijini. Basi kwa nini kila mwenye cheti pale sokoni asifundishwe naye, akapima, na aliyezidiwa akampeleka hospitali? Kemisti zetu zimeuza vifaa vya kujipima virusi vya Ukimwi tangu 2017, na hatujaona balaa. Huko Uingereza, tangu Januari 2024, wafamasia wanatibu magonjwa saba madogo, likiwemo la koo, bila mtu kumwona daktari.

Rafiki yangu mmoja darasani hakubali. Anasema anayepima akiwa ndiye anayeuza, kijiji kizima kitakutwa na malaria. Hapo hajakosea, biashara ni biashara. Ndiyo maana nataka matokeo yaandikwe kwenye daftari la kukaguliwa, na mgonjwa mwenyewe akione kipimo: mstari mmoja huna, miwili unayo.

Ile kemisti ya kwanza ingali wazi. Nikitoka shule jioni huchungulia ukutani. Kuna kalenda tu.