Mwanahistoria wa Chumvi ya Katwe

Mtu akitoka Bulembia, chini ya migodi ya shaba ya Kilembe, hushuka hadi mjini Kasese, kisha hushika barabara ya kusini mpaka Kikorongo. Hapo mwenye kwenda Bwera hugeuka kulia. Mwenye kwenda Katwe huendelea mbele. Wanafunzi wetu wa huko wameipita njia panda hiyo mara nyingi. Wachache wanajua kwamba chumvi ya Katwe imewahi kuandikiwa tasnifu nzima ya uzamivu.

Aliyeiandika ni Dkt. Kathryn Barrett-Gaines, Mmarekani, aliyeikamilisha katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2001. Mwaka 2004 alichapisha makala kuhusu chumvi hiyo katika jarida la African Economic History.

Linalotuvutia kwanza ni miaka aliyoichagua: kuanzia miaka ya 1750 hadi miaka ya 1950. Vitabu vingi vya shule huanza habari za Katwe mwaka 1891, Lugard alipowafukuza askari wa Kabalega na kujenga ngome yake. Yeye hakukubali ngome iwe ukurasa wa kwanza. Biashara ilikuwapo kabla ya Lugard, nayo ikaendelea chini ya ukoloni. Wala hakuufuata mpaka uliochorwa baina ya Uganda na Kongo. Aliifuata chumvi yenyewe katika eneo zima la Maziwa Makuu.

Na chumvi ina kazi nyingi. Ile ya mawe hung'olewa chini ya ziwa na wanaume wenye vyelezo, na aghalabu hupewa mifugo. Ile ya chakula hupatikana katika vidimbwi vya kandokando, ambako jua hukausha maji. Humo wanawake hufanya kazi kubwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, alikuwa ameandika juu ya yale ambayo wasafiri wa Kizungu huyaacha nje ya maandishi yao, akimchukua Mmarekani Richard Mohun kuwa mfano. Mwaka 2000, pamoja na Lynn Khadiagala, akawaeleza watafiti namna ya kupata nyaraka katika makavazi ya Uganda. Makala hiyo ya pili tungependa kila mwanafunzi wa tasnifu aisome kabla ya kutulalamikia kwamba "hakuna data".

Kwa nini tunamleta mwanahistoria katika jarida la Kiswahili? Kwa sababu bado tunawasikia wanafunzi wakisema kwamba Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya wanajeshi tu. Soko la Mpondwe, pale Bwera, linawakanusha kila siku ya gulio. Lakini kanusho la soko halijaandikwa, na wazee waliobeba chumvi kichwani wanapungua. Muhula ujao tunakusudia kuwatuma wanafunzi wa isimujamii Katwe na Bwera wakiwa na daftari. Waanze na vipimo: mzigo mmoja wa chumvi uliitwaje, na mnunuzi kutoka Kongo alitajiwa bei kwa lugha gani?