Kuumba, Kuanza na Kusababisha: Nafasi ya Lugha katika Hoja za Kuwako kwa Mungu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kitenzi kimoja cha Kiswahili, umba, kinavyoweza kuipa hoja ya kuwako kwa Mungu nguvu isiyo yake. Kwa kurejelea hoja za Al-Ghazali na Ibn Sina, pamoja na ukosoaji wa Okot p'Bitek, yanaonesha kuwa uteuzi wa istilahi unaweza kuamua mjadala kabla haujaanza. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa waundaji wa istilahi na watunga mitaala.

1. Utangulizi

Katika mijadala ya dini inayoendeshwa kwa Kiswahili, hoja moja husikika mara kwa mara: kila kiumbe kina muumba, ulimwengu ni kiumbe, kwa hiyo ulimwengu una muumba. Kwa umbo lake hoja hii ni halali, kwani madai mawili ya mwanzo yakiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Tatizo liko ndani ya maneno yenyewe. Nomino kiumbe imetokana na kitenzi umba, na kwa maana yake ya asili ni kitu kilichoumbwa. Anayekubali kwamba ulimwengu ni kiumbe amekwisha kukubali kwamba uko aliyeuumba. Jambo lililopaswa kuthibitishwa limepenyezwa katika dai la pili.

Kasoro hiyo haithibitishi kwamba Mungu hayuko, wala haigusi imani ya mtu. Inaonesha tu kwamba hoja yenyewe haijaanza kufanya kazi.

2. Hoja ya mwanzo na hoja ya ulazima

Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111) aliijenga hoja yake kwa namna nyingine. Kila kinachoanza kuwako kina kisababishi. Ulimwengu ulianza kuwako. Kwa hiyo una kisababishi. Kitenzi anza hakimtaji mwanzishaji. Mpinzani anaweza kulikubali dai la kwanza na kulikataa la pili, kama walivyofanya wafuasi wa Aristotle walioshikilia kuwa ulimwengu ni wa azali. Kwa sababu hiyo Al-Ghazali alilazimika kulitetea dai la pili. Katika Tahafut al-Falasifa alitumia mfano wa falaki: Zohali hukamilisha mzunguko mmoja wakati Jua, kwa hesabu za zama hizo, limekamilisha takriban 30. Ikiwa mizunguko hiyo haina mwanzo, idadi zote mbili hazina ukomo, ingawa moja ni mara 30 ya nyingine. Kwake yeye, huo ulikuwa muhali.

Ibn Sina (980–1037) hakuhitaji mwanzo wowote. Kitu kinachoweza kuwako na kinachoweza pia kutokuwako hakijitoshelezi. Kinahitaji sababu ya kuwako kwake. Jumla ya vitu vya namna hiyo, hata kama ni ya azali, nayo haijitoshelezi. Hivyo lazima kiwepo kitu ambacho kuwako kwake ni kwa lazima. Anayeonesha kuwa ulimwengu hauna mwanzo atakuwa amemjibu Al-Ghazali, lakini hajamgusa Ibn Sina. Hoja zote mbili zikifafanuliwa kwa kitenzi umba, tofauti hii muhimu hutoweka.

3. Swali walioulizwa Waacholi

Athari ya uteuzi wa kitenzi ilidhihirishwa na Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, katika African Religions in Western Scholarship. Anasimulia kuwa mwaka 1911 mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi mahususi cha kuumba kutokana na utupu, hivyo swali likawa: nani aliyewafinyanga? Wazee waliliona swali hilo halina maana, kwa kuwa mtu huzaliwa na mama yake. Waliposhikiliwa watoe jibu, mmoja akakumbuka kuwa mtu aliyepinda mgongo kwa maradhi ya uti husemwa amefinyangwa na Rubanga. Mapadre wakahitimisha kwamba Rubanga ndiye Muumba.

Kisa hiki kinagusa hoja nyingine mashuhuri. John Mbiti, katika Concepts of God in Africa (1970), alikusanya maelezo kuhusu jamii karibu 300 na kutetea kuwa dhana ya Mungu imeenea barani kote. Kisa kimoja hakitoshi kuubatilisha ushahidi mpana kiasi hicho. Hata hivyo, kinamlazimu mtafiti kuuliza kila jibu lilipatikana kwa swali gani. Makubaliano yaliyotokana na swali lenye jibu ndani yake hayawezi kuhesabiwa kuwa ushahidi huru.

4. Istilahi na ufundishaji

Kiswahili kinakabiliwa na suala lilelile. Vitabu vya sayansi hutumia viumbe hai na maumbile, maneno yenye mzizi wa umba. Matumizi hayo yamezoeleka na hayana haja ya kubadilishwa, kwani asili ya neno haimfungi anayelitumia. Mwanafunzi anayeandika viumbe hai katika jibu la biolojia hajatoa tamko la kidini. Kwa mantiki hiyohiyo, hawezi kulichukua neno hilo kuwa uthibitisho wa Mungu.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za falsafa zitenganishe kuanza kuwako, kusababishwa, kuumbwa na kuwako kwa lazima. Pili, mitaala imtake mwanafunzi aorodheshe madai ya hoja na kuonesha lipi linabishaniwa. Tatu, watafiti wa dini za jadi wachapishe maswali waliyouliza, katika lugha waliyoulizia, sambamba na majibu.

5. Hitimisho

Katika ukanda ambamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi huketi darasa moja, hoja isiyochambuliwa huwapa baadhi ushindi wasioustahili na kuwanyima wengine nafasi ya kujibu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuuendesha mjadala huu kwa haki. Muumini na mpinzani wote hunufaika pale kila dai linapobeba uzito wake lenyewe.