Diski ikikatika ghafla, usikimbilie kuifomati
Na Mwandishi Wetu, Kyela

DISKI ya nje inayopotea kwenye skrini wakati kazi ikiendelea, kisha ikarejea yenyewe baada ya sekunde chache, mara nyingi haijafa. Hasara huanza pale mwenye diski anapokubali kuifomati kwa sababu tu kompyuta imemtaka afanye hivyo.

Kwa duka la kuchapa, studio ya picha za harusi au chama cha msingi cha wakulima wa kakao wilayani Kyela, diski moja yaweza kubeba kumbukumbu za miaka kadhaa.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni umeme. Tundu la USB toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2000, limepangiwa kutoa hadi miliampia 500. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 hutoa hadi 900. Diski yenye mota huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ikichomekwa kwenye kigawio kimoja na flashi, kipanya na simu inayochajiwa, umeme haumtoshi kila mmoja, mota hulegea na kompyuta huona kana kwamba diski imechomolewa. Inafaa ichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja. Kwa kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma ni bora, kwani ya mbele hupitia waya mwingine ndani ya kasha.

Kisha waya wenyewe. Ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela mjini hadi Matema, una joto na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi. Unyevu wa namna hiyo huleta kutu kwenye ncha za chuma, na waya uliolegea hukatika kwa kuguswa kidogo tu. Waya mpya na mfupi ni jaribio rahisi kuliko yote, lakini ajabu ni kwamba hukumbukwa mwishoni.

Windows nayo huweza kuzima tundu la USB ili kubana matumizi ya umeme. Mpangilio huo huondolewa katika sehemu ya usimamizi wa vifaa.

Endapo diski inakatika hata kwa waya mwingine na katika kompyuta nyingine, basi kasoro imo ndani ya diski au kasha lake. Hapo kinachotangulia ni kunakili mafaili yasiyoweza kupatikana tena, na si kutafuta ubovu. Programu za kukarabati mpangilio wa mafaili, ikiwamo chkdsk, ziendeshwe baada ya kunakili, kwa kuwa huandika upya juu ya diski na zaweza kuongeza madhara iwapo diski inaendelea kukatika.

Ujumbe wa kutaka diski ifomatiwe hutokea hata pale orodha ya mafaili ilipovurugika tu kwa sababu diski ilikatika katikati ya kuandika. Mafaili yenyewe huwa bado yapo. Jibu ni kukataa.

Diski inayogonga au kukwaruza izimwe mara moja, isiwashwe tena kwa kujaribu. Kuifungua hufanyika katika chumba kisicho na vumbi, kazi isiyowezekana juu ya meza ya fundi wa simu.