Saa ya Mpwa Wangu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu mijini tumekwisha kukivua mkononi tangu simu zilipoingia mifukoni, yaani saa. Nina maana ile saa ngumu, saa ya kazi, ambayo huuzwa kwa sifa kwamba inazama baharini na kuibuka ikiwa bado inatembea. Nilinunua moja ya namna hiyo, nikampelekea mtu aliyeitegemea kweli, nikamponza.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mhudumu wa afya wa kijiji katika Iramba, mkoani Singida. Hutembelea kaya kwa baiskeli, na katika mambo aliyofundishwa moja linadai saa kuliko mengine yote. Ni kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Mtoto hutulizwa mapajani kwa mama yake, nguo ikapandishwa, na kila kifua kinapoinuka ni moja, mpaka itimie dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, huyo anapumua haraka mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kwa mwenye mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40. Hapo hushukiwa nimonia, na safari ya zahanati huanza saa ile ile. (Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani akivuta pumzi, au asiyeweza kunyonya, hangojewi ahesabiwe.) Basi kwa mtoto wa miezi minane, tofauti ya pumzi 47 na 52 ni tofauti ya kulala nyumbani na kubebwa usiku, na inayoamua ni saa.

Aliponiambia, "Mjomba, nitafutie saa nzuri," nilifurahi. Nikaingia dukani mjini na kutoka na saa nene ya chuma, yenye pete inayozunguka kioo na maandishi mgongoni ya mita 200. Nilijiona nimenunua meli. Haukupita mwezi simu ikalia. "Shikamoo mjomba. Saa yako imeingia ukungu." Alikuwa amenawa mikono kisimani, akaenda kwa mtoto, akaanza kuhesabu, na mshale wa sekunde ukampotea ndani ya kioo. Aliwaelekeza wakaenda zahanati bila hesabu, na mtoto akapona. Lakini sikulala vizuri siku ile.

Nilipofika Singida mjini niliipeleka kwa fundi saa mmoja anayekaa barazani karibu na soko. Aliifungua kwa kisu, akaichungulia, akacheka. "Mzee, namba hii imechongwa na mtu. Mpira hakuweka." Kumbe kinachozuia maji katika saa ni kipete chembamba cha mpira kilichobanwa kati ya kifuniko cha nyuma na mwili wa saa, na kingine katika kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira. Saa yangu haikuwa na cha nyuma. Ilikuwa bandia kutoka mgongoni hadi kioo.

Hata hivyo tusiilaumu bandia peke yake, kwa sababu namba za saa halali nazo hatuzielewi. Kila ukishuka mita 10 majini, mgandamizo huongezeka kiasi kinachokaribia uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa usawa wa bahari. Saa iliyoandikwa mita 30 imepimwa kwa mgandamizo wa kiasi hicho kiwandani, ingali mpya. Maana yake katika matumizi ni kwamba itastahimili mvua na kunawa. Haina maana kwamba uzame nayo mita 30. Anayeogelea atafute 100. Na saa ya mzamiaji hasa ina masharti yake ya kimataifa, yanayojulikana kama ISO 6425. Istahimili walau mita 100, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, na iwe na namna ya kuonyesha muda uliopita tangu mtu azame. Ile pete inayozunguka kioo ndiyo kazi yake. Tena huzunguka upande mmoja tu, ili ikigongwa kwa bahati mbaya imdanganye mzamiaji kwamba amekaa chini muda mrefu zaidi, apande mapema. Ingezunguka pande zote mbili ingeweza kumwua.

Wazamiaji hao wapo Mafia, wapo Pemba na Unguja. Singida hakuna. Singida tuna ziwa Singidani na Kindai pale mjini, maji ya chumvi, na Kitangiri kule Iramba ambako wavuvi hulowa mpaka viwiko. Adui mkubwa wa saa huko hakai chini ya mita 200. Fundi aliniorodheshea maadui wake, na wa kwanza alikuwa jua. Saa ikioka mkononi tangu asubuhi, hewa iliyomo ndani hupanuka. Ukiitumbukiza ghafla katika ndoo ya maji ya kisima, hewa husinyaa na kuyavuta maji kupitia ufa wowote utakaopatikana. Joto hilo hilo, jasho na sabuni huukausha mpira mwaka hadi mwaka. Na siku utakapobadilisha betri kwa fundi wa njiani akairudisha ile raba kuukuu iliyopinda, mita zote zilizoandikwa mgongoni zimekwisha siku hiyo.

Wa pili ni vumbi. Anayepajua Singida anayajua majabali yale ya matale yaliyopandiana kama magunia, na upepo usiopumzika. Mchanga unaotokana na majabali hayo umejaa kwatzi, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda 1 hadi 10, kwatzi ni 7. Kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu. Basi ukifuta saa yenye vumbi kwa pindo la khanga, unaipiga msasa. Kioo cha yakuti ya kutengenezwa ni 9, mchanga haukiwezi, ila bei yake si ya mhudumu wa kijiji. Cha plastiki hukwaruzika upesi kuliko vyote, lakini hakipasuki ovyo, na mikwaruzo midogo hutoka kwa kusugua na dawa ya meno. Mimi kwa barabara za baiskeli ningechagua plastiki.

Wa tatu ni kuanguka. Hapa Mjapani Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio, ametusaidia wote. Saa aliyopewa na baba yake ilimwanguka ikavunjika, akaanza kutengeneza isiyovunjika. Alikuwa akidondosha mifano yake dirishani ghorofa ya tatu, karibu 200 yote pamoja, mpaka alipomwona mtoto akidundisha mpira na kupata wazo la kuuning'iniza moyo wa saa ndani ya ganda kama kitu kinachoelea ndani ya mpira. G-Shock ya kwanza ilitoka mwaka 1983. Halisi ni ghali, na zinazopangwa mitaani nyingi zina jina tu.

Dawa ya wauza majina ni jaribio moja rahisi. Iache saa ipate joto juani, dondoshea tone la maji baridi juu ya kioo, ngoja dakika moja, kisha futa. Ukiona ukungu upande wa ndani, unyevu umekwisha kuingia, irudishe kwa mwenyewe. Angalia pia mkanda. Ngozi huoza kwa jasho. Wa nailoni unaopita mzima chini ya saa ni bora, kwa kuwa pini moja ikikatika, ya pili bado inaishikilia.

Kwa elimu hiyo nilimwambia mpwa wangu nitamnunulia saa ya mishale, yenye mshale mrefu wa sekunde. Nilikuwa na sababu nyingine ya Kiswahili. Ya mishale unasoma namba iliyo mkabala na mshale mfupi, ukauona 7 ukasema saa moja, basi. Ya tarakimu inakulazimu utoe sita kichwani. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Mjomba," akasema, "nikihesabu, macho yangu yako kifuani kwa mtoto. Nikiyainua kutazama mshale, pumzi mbili zimenipita."

Sikuwa na jibu. Na simu? Alisema simu huzima kioo, huishiwa chaji, na mara nyingi mtu hupiga katikati ya hesabu. Alichotaka ni saa inayohesabu dakika kurudi nyuma na kulia inapotimia. UNICEF walikwisha kutoa kisaa cha namna hiyo kwa kazi hiyo hiyo ya pumzi, nami sikukikumbuka. Ingemfaa pia kwa kipimo cha haraka cha malaria, kinachosomwa baada ya dakika 15 au 20 kufuatana na maelekezo ya kiwanda.

Tukanunua ya plastiki, ya tarakimu, mita 100, isiyo na pete wala mng'aro. Tuliijaribu kwa tone la maji barazani kwa fundi, na fundi mwenyewe akiangalia. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile meli yangu. Mpwa wangu ameitegesha kwa saa za Kiswahili ili asisumbuke na kutoa sita. Sasa analalamikia jambo moja tu, kwamba kila ikilia, mtoto anataka kuivaa yeye.