UZI: Una leseni ya bastola, mlango umeandikwa "Silaha haziruhusiwi". Nani ana haki hapo?

1/
Kila mara risasi ikilia ndani ya kilabu au mkahawa hapa Kenya, mtandao unagawanyika mara moja. Hawa wanasema: "Raia wote wanyang'anywe bunduki!" Wale wanajibu: "Jamaa ana leseni, ni haki yake!" Halafu tunatukanana hadi asubuhi, na kuna watu wawili ambao hakuna anayewakumbuka: mwenye biashara na soja wa mlangoni. Leo nataka tuwaongelee hao. Sitaji mwanasiasa wala chama, na nyinyi pia tafadhali msianze.

2/
Tuanze na neno "haki", kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Katiba yetu ya 2010 haina haki ya raia kubeba bunduki. Pitia sura yote ya haki, kutoka mwanzo hadi mwisho. Utapata haki ya kuishi (kifungu cha 26), uhuru na usalama wa mtu (29), faragha (31) na mali (40). Bunduki haimo. Kwa hivyo ukisikia mtu kwenye jukwaa akisema "haki yangu ya kikatiba ya kubeba silaha", jua ameazima maneno ya Marekani.

3/
Tulicho nacho ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa na bunduki bila cheti. Cheti kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Lazima uwe na sababu nzuri ya kuihitaji, uwe na akili timamu, na uwe mtu anayeweza kuaminiwa nayo. Cheti kina muda wake, kina masharti yake, na kinaweza kufutwa. Mnakumbuka Desemba 2018? Serikali iliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya. Kitu ambacho ni haki yako ya kuzaliwa hakiitishwi foleni namna hiyo.

4/
Sasa leseni hiyo inakuruhusu nini? Inakuruhusu kuwa na ile bunduki bila kushtakiwa na serikali, basi. Haimlazimishi mtu mwingine akukaribishe nayo. Chukua leseni ya kuendesha gari. Unayo, umefuzu, gari ni lako na bima imelipwa. Je, inakupa ruhusa ya kuegesha kwa kiwanja changu? Hapana. Ukiniuliza nitakuambia, na nikikataa utatafuta kwingine. Leseni ya bunduki ni vivyo hivyo.

5/
Ukiingia dukani, mkahawani au kilabuni, unaingia kwa idhini ya mwenyewe. Hajakuambia "karibu" kwa mdomo, lakini mlango wazi ni idhini. Na idhini inaweza kuwa na masharti: vaa viatu, usilete chakula cha nje, usivute sigara, usiingie na silaha. Ukivunja sharti, idhini inaweza kuondolewa. Ukiambiwa utoke ukakataa, sasa wewe si mteja tena, wewe ni mtu aliyekaa kwa mali ya wenyewe bila ruhusa. Hapo ndipo unajiingiza kwenye kosa, hata kama cheti chako ni safi kama pamba.

6/
Kuna wale huuliza, "Huo si ubaguzi?" Swali zuri. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na hakiongei na serikali pekee. Mtu binafsi pia haruhusiwi kubagua. Kinataja kabila, jinsia, dini, ulemavu, umri, hata mavazi. Ni kweli orodha hiyo haijafungwa. Lakini angalia kinacholindwa: vile ulivyo, na vile unavyoishi na kuamini. Bastola ni kitu unachoweza kuacha nyumbani asubuhi na bado ukawa wewe. Mtu akikuzuia kuingia kwa sababu ya kabila lako, tutakuwa nyuma yako. Akikuzuia kwa sababu ya chuma kiunoni, hiyo ni habari nyingine.

7/
Kwa vile tunapenda kunukuu Marekani, wacha tuinukuu vizuri. Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ya 1791, yanaifunga mikono serikali. Hayamfungi mwenye duka. Hata kule, mwenye duka anaweza kusema hataki bunduki kwake. Texas, jimbo ambalo watu hulitaja sana kwa mambo ya bunduki, sheria yao imeeleza mpaka vile ile ilani inafaa kuandikwa: maneno maalum, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja. Ukiipita na bunduki umeificha, faini yake si kubwa. Ukiambiwa kwa mdomo uondoke na ukatae, kosa linapanda daraja.

8/
Ubishi wao mkubwa siku hizi uko mahali pengine: mwenye duka akinyamaza, inahesabiwa vipi? Majimbo mengi yanasema kunyamaza ni kuruhusu. New York mwaka wa 2022, kisha Hawaii 2023, zikageuza: kunyamaza ni kukataza, na ukitaka wageni waingie na bunduki ni lazima useme. Kesi zikaenda kortini, na ile ya Hawaii ikafika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi. Lakini ona, kwenye ubishi huo wote swali ni mwenye mali anyamaze au aseme. Akishasema "hapana", pande zote mbili zinakubali ni hapana.

9/
Turudi nyumbani. Shida ya kweli ya hiyo ilani ni kwamba bunduki imefichwa. Karatasi ukutani haioni chini ya koti. Inategemea uaminifu wa mwenye bastola, au inategemea soja na ile fimbo yake ya kupiga mlio. Na soja ana mipaka. Kifungu cha 31 kinakulinda usipekuliwe ovyo. Sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu kukuuliza wewe ni nani na kuandika umeingia saa ngapi. Kwa lugha rahisi: una uhuru wa kukataa kukaguliwa, na wenye jengo wana uhuru wa kukataa uingie. Geuza urudi, hakuna kesi.

10/
Naandika haya kwa sababu nimewahi kusimama hapo mlangoni. Zamani kidogo, nikitafuta karo, nilifanya kazi ya usiku kwenye kilabu kimoja Nairobi. Sitakitaja. Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko na kuandika majina. Ilani ilikuwepo, kubwa, nyekundu. Usiku mmoja akaja mteja wetu wa kawaida, mtu wa pesa. Fimbo ikalia kiunoni. Nikamwambia, "Mkubwa, samahani, hiyo haiingii." Akanitazama vile unatazama mbu. Akafungua koti nione, halafu akasema, "Niko na leseni. Wewe uko na nini?"

11/
Mimi nilikuwa na fulana imeandikwa "Security" na tochi. Nikamwita meneja. Meneja akaja, akacheka, akamshika bega: "Huyu ni mtu wetu, mwache apite." Saa saba usiku kukatokea ubishi kwa meza yao, mambo ya bili. Hakupiga mtu risasi. Hakuelekezea mtu bunduki. Aliitoa tu akaiweka mezani kando ya chupa, akaendelea kuongea. Dada aliyekuwa akihudumia meza ile akaweka trei chini, akachukua mkoba wake jikoni, akaenda nyumbani. Hakurudi kazini tena, hata mshahara wa siku zile hakuja kuchukua. Mteja akarudi wiki iliyofuata.

12/
Ndiyo maana nikisikia mjadala huu nafikiria yule dada kuliko nafikiria vifungu. Walinzi wa kampuni za kibinafsi kwetu hawabebi bunduki. Sheria ya "hakuna silaha" inatekelezwa na mtu asiye na silaha, mbele ya mtu mwenye silaha, wakati mwingine akiwa na pesa na jina juu yake. Mwenye biashara akiandika ilani halafu ampite soja wake kila mkubwa akija, ile ilani inabaki ya watu wadogo tu. Na siku kukiharibika, atakayeulizwa "ilipitaje?" ni soja.

13/
Sasa tuwe wa haki kwa upande wa pili, kwa sababu wana hoja nzito. Westgate, 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa. Kabla ya vikosi maalum kupangika, raia wenye leseni na polisi waliovaa kiraia waliingia ndani na bastola zao, wakatoa watu. Dusit, Januari 2019, watu 21 waliuawa, na tena raia wenye leseni walionekana wakisaidia. Kuna Wakenya wako hai leo kwa sababu ya watu hao. Mtu akikuambia "bunduki ya raia haijawahi kuokoa mtu", mrudishe hapo.

14/
Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Siku ya shambulio si siku ya kawaida, na hakuna atakayeuliza habari ya ilani mlangoni watu wakipigwa risasi ndani. Ilani ya mkahawa inahusu zile siku zingine zote za mwaka: Ijumaa usiku, mechi, mahari, harusi, deni. Siku hizo hatari kubwa ni hasira na pombe. Januari 2020 DJ alipigwa risasi shingoni akiwa kazini kilabuni hapa Nairobi. Hakukuwa na shambulio la kigaidi usiku huo.

15/
Na hapa sheria haikunyamaza. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Silaha kinafanya kuwa mlevi au kuzua fujo ukiwa na bunduki kuwa kosa. Cheti hakikuokoi hapo. Kwa hivyo hata baa ambayo haina ilani yoyote, ukikaa na bastola kiunoni hadi chupa ya sita, unacheza na kesi. Mwenye leseni mwenye akili anajua: usiku wa kunywa, chuma kinabaki nyumbani kwenye sefu.

16/
"Sawa, lakini nimetoka kazini nayo, niiache wapi?" Hili ndilo swali ambalo wanasiasa hawaligusi, na ndilo lenye maana. Ndani ya gari? Sheria inakutaka uitunze mahali salama wakati wote, na magari huvunjwa kila siku. Umpe soja akushikie? Soja hana cheti, na kushika bunduki bila cheti ni kosa kwake. Umemwachia kesi ukisema umempa heshima. Njia inayobaki ni sefu mlangoni: unatoa risasi mahali salama, unaifungia wewe mwenyewe, unabaki na ufunguo, ukitoka unachukua. Biashara inayokataza silaha lakini haijafikiria hili inawaambia wageni wake wafiche zaidi.

17/
Na polisi je? Afisa akija kwako kazini, kukamata mtu au kufuata wito, hujamkaribisha kama mteja, na ilani yako haimhusu. Lakini afisa aliyekuja kunywa yake baada ya kazi, amekaa, ameagiza, huyo ni mteja kama wewe. Katikati yao kuna walinzi wa waheshimiwa, ambao ni maafisa wenye silaha ya serikali. Hapo ndipo masoja wengi wanakwama, kwa sababu hakuna aliyewaeleza wafanye nini. Ukiwa mwenye kilabu, amua mapema na uandike: mlinzi anakaa wapi, nani anaongea naye. Usimwachie kijana wa mlangoni aamue saa sita usiku.

18/
Basi mtu akija kukuomba kura na hotuba ya bunduki, awe wa "zote zipigwe marufuku" au wa "kila raia ajilinde", muulize haya:
• Mwenye leseni akikataa kutii ilani ya biashara, Bodi itaarifiwa na nani, na itafanya nini?
• Soja akimzuia mtu mkubwa kisha afutwe kazi, nani anamlinda?
• Biashara kubwa zitalazimishwa kuwa na sefu mlangoni, au itabaki hiari?
• Wewe mwenyewe mheshimiwa, ukifika mlangoni na walinzi wako, utakubali kukaguliwa?
Akijibu la mwisho kwa kucheka, umepata jibu.

19/
Msimamo wangu, kwa sababu mtauliza: sina shida na mtu kuwa na leseni. Wengine wana sababu za kweli, nawajua. Lakini nikiandika kwa mlango wangu kwamba silaha haziingii, nataka iwe hivyo kwa wote, na nataka aliyesimama pale awe na uhakika kwamba meneja hatakuja kumshika mtu bega akicheka.

Kama umewahi kufanya kazi ya mlangoni, tuambie hapa chini ilikuaje. Majina ya kilabu na ya watu yaache. Wenye leseni pia karibuni, hasa wale huziacha nyumbani.